Mwalimu Aliyekataa Kugawana Punje

Kwetu mgeni akiingia nyumbani, hata kama amekuja kugombana, kwanza hupewa kahawa ya kutafuna. Ni matunda mabichi ya kahawa yaliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu, yakaanikwa mpaka yakakauka, na ndani ya kila tunda mna punje mbili zilizolaliana. Watu wanaopendana hupasua tunda moja kwa meno, huyu akala punje hii na yule akala ile. Mwalimu wetu hakufanya hivyo hata siku moja. Ukimtembelea alikupa matunda mawili mazima, naye akachukua mawili yake, na ukijaribu kumpasulia la kwako alikukatalia kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula kilichomdhuru zamani. Mimi nilitoka Kaagya kuja kuolewa upande wa Nshamba, na kibanja chetu cha migomba na kahawa kilipakana na chake. Wiki ya kwanza haikwisha kabla sijaliona jambo hilo. Mume wangu aliniambia niache kuchungulia ya watu, lakini hilo sikuwahi kuliweza.

Alikuwa mwalimu wa mtaa. Mchungaji wa usharika alikuwa na mitaa mingi ya kuzungukia, na kwetu alifika labda mara nne kwa mwaka. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la Mwalimu. Alipiga ngoma ya ibada, alihubiri, alifundisha watoto wa kipaimara, aliwazika wafu wetu. Mambo mawili tu hakuruhusiwa, kubatiza na kutoa chakula cha Bwana, maana kwa hayo lazima mtu awe amebarikiwa kuwa mchungaji. Mwalimu alitamani kubarikiwa kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona mtu akikitamani, naye hakubarikiwa. Vijana aliowafundisha kusoma walibarikiwa, wakarudi na majoho meusi kubatiza watoto wa mtaa wake, naye akawashikia bakuli la maji. Sababu ilikuwa punje moja ya kahawa. Na kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba sababu nyingine ilikuwa ulimi wangu.

Lakini nisianze na majuto, maana mtu mwenyewe alikuwa wa kuchekesha.

Mwaka wake aliuhesabu kwa mvua na mikahawa. Mvua za kupandia zikianza, mahubiri yalifupika ghafla, kwa sababu alijua kila mama aliyeketi mbele yake amefunga mbegu za maharage kwenye pindo la nguo. "Mungu atakuwepo hata jioni," alisema. "Mvua sijui." Naye alikuwa wa kwanza kutoka. Kiangazi, kahawa ilipoiva, mafundisho yalihamia vibanjani. Alifika asubuhi na kikapu chake, akaomba apewe mti, akachuma kwa mikono yote miwili huku akifundisha, na somo lilikwisha kikapu kilipojaa. Kwa wenye mikahawa iliyozaa sana kikapu kilijaa upesi, kwa hiyo walipata neno fupi. Mama mkwe wangu, ambaye mikahawa yake ilikuwa mizee na punje za kutafuta, alipata mahubiri marefu kuliko mtu yeyote mtaani, na alilalamika kwamba anahesabiwa kuwa mwenye dhambi kwa kosa la miti.

Sikukuu ya mavuno ndiyo siku aliyoogopwa. Nasikia kwenye mitaa mingine ulileta ulichonacho na mwalimu akashukuru. Wetu alisimama mlangoni pa kanisa akakagua. Mkungu wa ndizi wenye vidole vyembamba aliurudisha. "Huu ungempikia baba mkwe wako?" aliuliza, kwa sauti ya watu wote kusikia. Mwaka wangu wa kwanza nilirudishwa mimi, bibi arusi mwenye gauni jipya, mkungu kichwani, njia nzima watu wakinitazama. Nilimchukia siku tatu. Siku ya nne mke wake aliniambia, tukiwa tunapalilia kila mmoja upande wake wa mpaka, kwamba asubuhi ile ile Mwalimu alikuwa amekata mikungu yake mikubwa yote, akaipeleka kwa wajane wawili ili nao wawe na cha kupita nacho pale mlangoni. Aliobaki nao yeye ulikuwa mwembamba kuliko wangu. Aliubeba mpaka mlangoni, akajiuliza swali lake mwenyewe, akarudi nao nyumbani.

Pombe ya ndizi hakuinywa na aliihubiria vikali. Hata hivyo hapakuwa na mtu mtaani aliyejua ndizi za pombe kama yeye, na wanaume walimfuata kumwuliza kama zimeiva sawasawa. Alizibonyeza, akazinusa, akawaambia wasubiri siku moja zaidi. "Mimi nimesema habari za ndizi," aliwaambia. "Unakokwenda nazo ni shauri lako."

Halafu kuna Jumapili ya senene, ambayo watu wa mtaa wetu wataisimulia mpaka wajukuu wachoke. Senene hushuka mwezi wa Novemba, mvua zikikatika asubuhi, wadudu wa kijani kwa maelfu juu ya nyasi na majani ya migomba, na siku hiyo hakuna Mhaya anayebaki ndani. Walishuka Mwalimu akiwa katikati ya mahubiri juu ya Petro alipotembea juu ya maji. Watu walikaa kimya kwa heshima, lakini macho yote yalikuwa dirishani. Mwalimu naye akatazama dirishani. "Petro akaanza kuzama," alisema, akafunga Biblia, akasema Amina, akakunja kanzu yake hadi magotini, akatoka mbio. Jumapili iliyofuata alisimama pale pale, akafungua Biblia, akasema, "Alikuwa anazama," akaendelea. Mchungaji wa wakati ule, ambaye alikuwa Mzungu, alipata habari, akamwita kumwuliza. Mwalimu alimjibu kwamba mana ilipoanguka jangwani, Musa hakuwazuia watu hemani.

Na si hilo tu. Zamani kwetu wanawake waliokota senene, wakawang'oa mabawa na miguu, wakawakaanga, na waliokula ni wanaume. Mwanamke alikatazwa. Jioni ya Jumapili ile Mwalimu aliketi uani kwake, majirani tupo, mkewe akaleta bakuli. Akachukua senene wa kwanza akampa mkewe. "Kula, mama. Uliyewaokota ni wewe." Mama mkwe wangu alishika mdomo. Mke wa Mwalimu alitutazama wote, mmoja mmoja, akala, akachukua mwingine bila kupewa. Mwaka ule nami nilikula, nyuma ya jiko, na sijaacha hadi leo.

Sasa fikirini udadisi wangu. Mtu aliyevunja mila ya senene mchana kweupe, mbele ya mama wakwe wa kijiji kizima, alikuwa akiogopa nini kwenye punje ya kahawa?

Jibu lilikuja kwa miguu, likiwa limevaa kofia na kanzu safi. Alikuwa fundi cherehani wa Bukoba mjini, Mwislamu, mtu wa makamo mwenye asili ya pwani kwa baba na ya kwetu kwa mama. Alikuja kila mwaka msimu wa senene. Mke wa Mwalimu alimtandikia mkeka mpya, naye akasali sala zake katika chumba kile kile walimokaa watoto wa kipaimara, vitabu vyao vimepangwa ukutani. Alileta kanzu mbili mpya za Mwalimu za ibada, akaondoka na kikapu cha senene wa kukaanga. Kila kanzu aliyomshonea ilikuwa na mfuko mdogo ndani ya mkono, mahali asipouona mtu, wa kuwekea kahawa za kutafuna. Niliujua mfuko huo kwa sababu mke wa Mwalimu alipougua nilimfulia nguo za nyumba nzima.

Siku moja nilikuwa nikichuma maharage karibu na mpaka, nikawasikia Mwalimu na fundi wakiagana. Waliitana mnywani.

Kwa Kihaya neno hilo si la rafiki wa hivi hivi. Ni mtu mliyefanya naye omukago, yaani mliyechanjiana damu. Kila mmoja huchanjwa tumboni, tunda moja la kahawa likapasuliwa, huyu akala punje yenye damu ya yule, na yule akala yenye damu ya huyu. Tangu hapo mtoto wake ni wako, njaa yake ni yako, na akifa ni lazima ufike kaburini. Kanisa liliukataza kabisa, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewakataza vijana wa kipaimara. "Mimi nilishakula," aliwaambia. "Ninyi msile." Vijana walicheka, wakidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Mimi nikajua si mzaha, nikajua na kwa nini hakugawana punje na mtu mwingine yeyote. Na kesho yake kisimani, nikiwa na mke wa mzee mmoja wa kanisa, tukingoja mitungi ijae, nilijiona mtu mkubwa mwenye habari. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mgeni kijijini, nikitaka kusikilizwa.

"Mae! Mwalimu wetu?" alisema yule mama. "Na Mwislamu?"

"Nimesikia kwa masikio yangu," nikasema, nikijisikia fahari.

Wiki mbili baadaye baraza la wazee wa kanisa lilikaa na mchungaji kumjadili Mwalimu, maana ilikuwa imepangwa abarikiwe baada ya Pasaka. Wakamwuliza kama ana mtu waliyechanjiana. Mume wangu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mwalimu alijibu, "Ninaye."

Walimpenda, kwa hiyo walimtafutia njia. Mchungaji alimwambia asimame tu mbele ya washarika aseme ulikuwa ujinga wa ujana, na kwamba mtu yule si ndugu yake. Akakataa. Mzee mmoja, aliyekuwa mganga wa majani kabla ya kubatizwa, alitoa shauri kwamba kwa kuwa punje ililiwa, basi itapikwe. Alikuwa na dawa ya kutapisha. Baraza lilijadili jambo hilo kwa uzito mchana mzima, kama punje iliyoliwa zaidi ya miaka ishirini nyuma bado itakuwa tumboni au la, na mchungaji Mzungu akaomba atafsiriwe mara mbili kwa kuwa alidhani hakusikia vizuri. Mwalimu alisema dawa atakunywa akiugua tumbo. Shauri likaahirishwa. Liliahirishwa tena miaka mitatu baadaye, na tena, mpaka likawa halina anayeliuliza.

Fundi aliposikia alipanda lori kuja. Safari hiyo haukuwa msimu wa senene. Alisema kwa sauti, na mpaka wetu, uliokuwa wa miti tu, haukuzuia neno hata moja. "Nenda ukawaambie wanachotaka. Mimi ndiye mwenye kukosewa, na nimeshakusamehe. Nitakuja mwenyewe niwaambie."

"Ukija utapewa kahawa," Mwalimu alimjibu, "kisha utarudi mjini."

Fundi alikuwa ameshamshonea joho. Lilikuwa zawadi ya siku ile ya kubarikiwa, kitambaa cheusi kizuri, nalo likalala sandukuni. Miaka ikapita. Siku moja mchungaji kijana, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mchungaji wa usharika wetu, alilala mtaani kwetu, akaniomba nimshonee upindo wa joho uliofumuka. Nilipoligeuza nikakuta ndani ya mkono mfuko mdogo.

"Huu ni wa nini, waitu?" nilimwuliza kwa neno letu la heshima, nikijua.

"Sijui, mama. Joho nilipewa na Mwalimu siku niliyobarikiwa. Alisema lilimbana kifuani." Akafikiri kidogo. "Mimi huweka leso."

Mwaka mzima ule nilimsikiliza akihubiri dhidi ya kuchanjiana, ndani ya joho lililoshonwa na mnywani, leso yake ikiwa mahali pa kahawa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Joho lile lilikuwa limepimwa mabega ya mtu mwingine, na mimi ndiye niliyemvua. Ndivyo nilivyoamini.

Kwa hiyo nilimpikia. Kila msimu wa senene bakuli la kwanza lilikuwa la Mwalimu. Mkungu wangu bora, wa Mwalimu. Mkewe alipofariki nilimpelekea ndizi za kupika kila Jumamosi, zimefunikwa kwa majani, na kila mara nilitoka nyumbani nimeazimia kusema, nikarudi bila kusema. Naye alipokea, akanipa matunda mawili mazima ya kahawa, akaniuliza habari za watoto. Mume wangu alisema nampenda Mwalimu kuliko yeye. Hakujua.

Uzee ulipomlemea, mwanawe alimchukua akakae naye Kagondo, karibu na mji. Fundi alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Habari ilipofika mtaani kwetu Mwalimu alikuwa kanisani, Jumapili ya mavuno, akikagua mikungu mlangoni. Aliweka chini mkungu aliokuwa ameushika, akaenda barabarani kutafuta lori kwa kanzu ile ile ya ibada. Waislamu hawakawizi maziko. Nilisikia alifika wakiwa wanafukia, wakampa nafasi, akatupa udongo wake.

Mimi nilimtembelea huko Kagondo siku ambayo bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea bomani lakini watu mjini walikuwa hawaongei kingine ila siku itakayoshushwa. Nilikuwa na bakuli la senene nimelifunga kwa kanga. Nilimkuta amekaa nje, amekonda sana, kanzu imemzidi. Nikapiga magoti kumwamkia, na nikiwa bado chini nikaona kwamba nisiposema siku hiyo nitakuja kusemea kaburini.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesema kisimani."

Alifungua bakuli kwanza, akatafuna mmoja. "Habari za mnywani wangu?"

"Ndiyo, waitu."

"Kwa mke wa mzee wa kanisa. Najua. Alimwambia mke wangu siku ile ile."

Nilikaa chini kabisa. Miaka yote ile, mikungu yote ile, alikuwa anajua.

"Lakini wewe wa Kaagya hujawahi kukaa barazani," akaendelea. "Swali lile huulizwa kila mtu anayetaka kubarikiwa. Wangeniuliza hata kama ungezaliwa bubu. Na mimi ningejibu vile vile."

"Basi kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii nimekuwa nikijilaumu!"

"Ningekuambia, ungeacha kuleta senene."

Akacheka mpaka akakohoa, na mwanawe akatoka kuangalia kuna nini. Mimi nilikasirika kweli kweli. Kisha nikacheka, kisha machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

Alipotulia nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa tangu nikiwa bibi arusi. Kwa nini hakusema yale maneno machache? Uongo mdogo tu, na fundi alikuwa ameshamsamehe.

"Vita vya Mjerumani na Mwingereza, tulibebeshwa mizigo," alisema. "Nikaugua tumbo la kuhara. Mtu akianguka njiani aliachwa. Niliachwa. Yeye alikuwa amepita mbele, hata jina langu alikuwa halijui vizuri. Akarudi. Alinibeba siku mbili. Nilipoweza kusimama tukatafuta kahawa. Waliponiambia niseme ulikuwa ujinga, nilijaribu nyumbani, peke yangu. Nilisema kwa sauti. Mke wangu alikuwa jikoni, akauliza, 'Unamsema nani?'" Akachukua senene mwingine. "Nilikuwa nimefanya mambo mengi ya kijinga kabla ya kubatizwa. Lile ndilo pekee la akili."

"Lakini ulitaka sana kubatiza."

"Nilitaka," alisema. "Mpaka leo nataka. Wakileta mtoto kanisani mikono yangu inajikusanya yenyewe." Akanionyesha, viganja viwili vyenye mishipa vikiwa vimekingwa pamoja juu ya magoti yake.

 Kisha akaingiza vidole ndani ya mkono wa kanzu, kwenye mfuko ule, akatoa tunda moja la kahawa. Nikakinga kiganja kungoja na la pili, kama nilivyozoea. La pili halikuja. Alilipasua lile moja kwa meno machache aliyobakiwa nayo, punje moja akaiacha kinywani, nyingine akaniwekea kiganjani.

Nilimtazama, naye akaona kwamba nimeogopa.

"Haina damu," alisema. "Ni kahawa tu."

Nikaila.